Bundi darini, mwewe nguzoni: majibu kwa wasomaji

Barua tatu za mwezi huu zinahusu ndege wa mwituni waliohamia kwenye maboma ya watu. Zote zimetoka pembezoni mwa jiji, kule ambako Nairobi bado ina mashamba, na tunaanza na ile yenye uzito zaidi.

SWALI: Kwa Mhariri. Mama mkwe wangu amekuja kukaa nasi baada ya upasuaji wa nyonga. Tangu afike, kila usiku tunasikia darini sauti kama ya mtu anayekoroma, kisha mlio mkali kama ukelele. Fundi alipopanda alikuta bundi mweupe na makinda wanne wasiolingana ukubwa. Mama anasema ndege huyo amemfuata yeye, na kwamba tusipomfukiza kwa moshi wa pilipili atarudi kwake Machakos, hata kama ni kwa magongo. Ninamheshimu mama, lakini sitaki kuua. Nifanyeje? (Mkazamwana, Kamulu)

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Huyo ni bundi mwenye uso mweupe wa umbo la kopa la karata, na hao wanaokoroma ni makinda wanaoomba chakula. Hawalingani kwa sababu mama yao huanza kuatamia mara tu anapotaga yai la kwanza, kwa hiyo kifungua mimba humtangulia kitinda mimba kwa siku kadhaa. Panya wakiadimika, mdogo ndiye hufa njaa kwanza.

Chini ya mahali wanapolala utaona vidonge vya rangi ya kijivu, vinene kama kidole gumba. Si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya yaliyosokotana. Niliwahi kuloweka kidonge kimoja katika kikombe cha maji vuguvugu, kwenye boma moja huko Limuru, nikakichambua kwa kijiti cha meno: kulikuwa na mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele yakiwa bado na rangi ya chungwa, na utaya mmoja mwembamba usiozidi urefu wa ukucha wangu. Fanya hivyo mchana, mama akiwa ameketi uani, naye aone mwenyewe huyo mgeni anakula nini.

Hata hivyo, usimkejeli. Imani kwamba bundi ni mkosi haiko kwa jamii moja tu, nami nadhani ina chanzo kinachoeleweka: anayeuguza halali, na asiyelala ndiye anayemsikia bundi. Aliye mzima amelala fofofo, ndege yuleyule akapita juu ya paa lake bila yeye kuwa na habari.

Moshi usiutie. Makinda hawawezi kuruka, watakufia darini, na uvundo utawatesa kuliko mlio. Huanza kuruka wakiwa na umri wa takriban miezi miwili. Subiri hadi wahame, hakikisha jioni mbili tatu kwamba hakuna aliyebaki, kisha zibeni tundu kwa waya wa wavu. Anayefagia avae barakoa na anyunyizie maji kwanza ili vumbi lisipande. Ukitaka kuendelea kunufaika nao, mwombe fundi atundike sanduku la mbao lenye mlango mpana juu ya mti, mbali na dirisha la mama. Jambo moja ninalisisitiza: msitege sumu ya panya. Nyingi ya sumu hizo haziui papo hapo. Panya huyumbayumba kwa siku kadhaa, bundi humdaka kwa urahisi, na sumu humwingia yeye na makinda wake.

SWALI: Mzee jirani yangu hutuma vijana wampige mawe mwewe anayekaa kwenye nguzo ya umeme, kwa kuwa vifaranga wake wanaisha. Je, ana haki? (Mkulima, Dagoretti)

JIBU: Mwambie mzee wako atazame mkia kabla ya kuokota jiwe. Mwewe halisi ni wa kahawia, mkia wake una panda, naye huupindapinda akiwa angani. Huyo ni mwizi wa vifaranga, simtetei, na kwenu Dagoretti kwenye machinjio hakosi sababu ya kuzunguka. Lakini anayetulia nguzoni saa nzima, kifua cheupe au mwili mweusi wote, mkia mfupi wenye wekundu wa kutu, ni ndege mwingine kabisa. Chakula chake kikubwa ni panya, nyoka, mijusi na fuko, yule fuko anayemaliza viazi vya mzee kutoka chini. Siwezi kuapa kwamba hajawahi kugusa kifaranga, ila ukipiga hesabu ya mwaka mzima, mzee ndiye mdaiwa.

Kinga yenyewe ni rahisi. Vifaranga wakae chini ya tenga pamoja na mama yao kwa wiki za mwanzo, na matumbo ya kuku aliyechinjwa yafukiwe, yasitupwe uani. Pia mkumbushe, kwa adabu, kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawalinda hata ndege. Vijana wake, kama wana macho makali hivyo, wangefurahia matembezi ya kutazama ndege ambayo Nature Kenya, chama kilichoanzishwa 1909, huyafanya kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa.

SWALI: Ndege mdogo, mweusi kwa mweupe, anayetikisa mkia, hugonga vioo vya pembeni vya gari langu kila asubuhi na kuvichafua. Wengine wanasema nimetupiwa kitu. (Mwalimu, Ruai)

JIBU: Hujatupiwa kitu, Mwalimu. Ni msimu wake wa kuzaa, na ndani ya kioo anamwona mpinzani aliyevamia eneo lake, mpinzani asiyekimbia hata akidonolewa. Vika kila kioo soksi kuukuu unapoegesha gari. Akihamia madirishani, pakaa vioo vya chini povu zito la sabuni kwa nje; mvua ikiosha, pakaa tena.