Kusi likiingia: namna ninavyoliacha gari Malindi kwa miezi mitatu

Masika yakishika na hoteli za Malindi zikianza kufunga milango, mimi nami hufunga mizigo. Kazi yangu ni upishi, kazi ya msimu wa wageni. Msimu ukiisha narudi kwetu kisiwa cha Pate, Lamu, kwa mama. Gari Pate halina shughuli. Basi hunifikisha Mokowe, zaidi ya kilomita 200, kisha napanda boti, na Probox yangu hubaki uani kwa mjomba, mtaa wa Shela hapa Malindi, tangu mwanzo wa Mei hadi mwisho wa Julai. Kwa chuma cha pwani hakuna miezi mibaya kama hiyo. Kusi, upepo wa kusini, linavuma, mvua haziishi, bahari imechafuka, na upepo unabeba chumvi hadi ndani ya nyumba za watu.

Mwaka 2017, mara yangu ya kwanza kuliacha, nilidhani nimelihifadhi vizuri kuliko mtu yeyote. Nililiosha jioni, nikalifunika turubai la plastiki, nikalifunga kamba chini kote hata upepo usipate pa kupenya, nikavuta breki ya mkono hadi mwisho nikaenda zangu. Niliporudi, rangi ya boneti ilikuwa imefanya mawingu meupe na malengelenge, viti vimeota ukungu, gurudumu moja la nyuma limeshikana halizunguki, na betri imekufa kabisa. Gari lile nilikuwa nimelinunua kwa akiba ya miaka minne. Nilikaa kwenye kizingiti cha mjomba nikashindwa kusema.

Mjomba amekuwa mvuvi tangu utoto wake. Akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kuona chombo kilichopandishwa pwani kikafungwa plastiki?" Sikuwahi. Kusi likichafuka, vyombo huvutwa juu, vikalazwa juu ya magogo ili mbao zisiguse mchanga, vikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, vikafunikwa makuti. Makuti huzuia jua na mvua, na upepo hupita chini yake. "Chombo kinapumua," akaniambia. "Gari lako umelinyima pumzi."

Tangu siku ile naliweka gari kama anavyoweka chombo chake, na sababu zake nimezielewa moja baada ya nyingine.

Mchana ardhi hupata joto na kutoa unyevu. Unyevu ukipanda ukakutana na plastiki hauna pa kwenda. Usiku ukipoa unageuka matone, na matone yanaangukia gari. Hapo kuna chumvi iliyokwisha kutua kwenye bodi. Chumvi huvuta maji hewani yenyewe, unyevu wa hewa ukishafika kama asilimia 75, na hapa kwetu usiku wa masika unapita hapo bila shida. Kila mpishi wa pwani anaijua hali hii: kikopo cha chumvi jikoni hulowa mwezi wa Mei mpaka tunatia punje za mchele ndani yake. Chumvi iliyolowa juu ya chuma haikauki, na kutu haihitaji zaidi ya hapo. Wenzetu wa Ulaya nao hufunika magari yao wakati wa baridi, na adui wao mkubwa ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi yetu inaletwa na upepo, lakini inakula vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, na kuosha kwa maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya magadi au chumvi. Ukioshea hayo umejipaka adui kwa mkono wako. Mimi hutumia maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, au maji ya mvua ya tangi. Uvungu ndio muhimu kuliko paa: ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya bampa, kila mahali mchanga unapojificha. Fanya siku moja au mbili kabla ya kuondoka, kisha liendeshe nusu saa hivi ili breki na injini vipate moto na kukauka. Lisifunikwe likiwa na unyevu hata kidogo. Bodi ikikauka, paka nta. Wako wanaopaka uvungu oili chafu. Mimi sikubaliani nao: oili inaharibu bushi za mpira na inachuruzika kwenye udongo tunaochimba visima. Kuna nta maalumu ya uvungu, nunua hiyo.

Banda la mjomba lina kuta mbili za mawe ya matumbawe, upande wa kusini na wa mashariki, kwa sababu ndiko kusi linakotokea. Pande nyingine ziko wazi. Paa ni makuti. Makuti yanadondosha vumbi na wadudu, kweli, lakini mabati hutona alfajiri na kuliloweshea gari lililo chini yake. Nikipewa nichague, nitachagua makuti. Na turubai lile la plastiki sikulitupa. Sasa nalitandika chini, juu ya udongo, gari likasimama juu yake, ili unyevu wa ardhi uzuiwe huko huko. Juu ya turubai naweka mbao nne, kila tairi na ubao wake.

Cha kufunikia nilishonewa na fundi cherehani kwa kitambaa cha marekani, takriban mita 20 za upana wa mita moja na nusu. Hakigusi ardhi, kinaishia kama shubiri mbili juu yake. Kinazuia vumbi na vinyesi vya popo, na hewa inapita. Kitambaa hiki kinafaa chini ya paa tu. Kikinyeshewa kitakaa na maji na kuisugua rangi kila upepo ukikitikisa. Asiye na banda, bora alipaki chini ya paa kwa mtu kuliko kulifunika uwanjani.

Betri naitoa kabisa. Spana namba kumi inatosha. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Kurudisha, anza na chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake si za mchezo. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Joto letu huishusha upesi hata ikiwa haifanyi kazi, na ikikaa tupu kwa muda mrefu sahani zake za ndani hufanya ganda gumu na haipokei chaji tena. Mjomba huipeleka kwa fundi wa umeme mara moja kwa mwezi.

Watu wengi huniambia ingekuwa bora nimwachie ufunguo awe analiwasha dakika tano kila wiki. Hapana. Dakika tano hazipashi injini moto vya kutosha. Maji yanabaki ndani ya ekzosi na kwenye oili. Ama liendeshwe barabarani nusu saa, likiwa na bima hai, ama liachwe lilale. Na asiliwashe mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Breki ya mkono usiivute. Tia gia, kisha kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Tairi nazijaza upepo zaidi ya kawaida, kutoka PSI 32 hadi 38, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni, na mjomba hulisogeza gari nusu mzunguko kila mwezi ili zisifanye bapa mahali pamoja. Tangi la petroli nalijaza, hewa yenye unyevu isipate nafasi ndani. Mwaka mmoja nilisahau mfuko wa kashata kwenye buti, na panya walikula kashata, kisha nyaya za taa. Sasa nafagia hadi chini ya mazulia, naacha vioo wazi upana wa kidole na kipande cha chandarua juu yake, na sahani ya mkaa usiowashwa sakafuni kuondoa harufu.

Nikirudi Julai siwashi kabla ya kufungua boneti na kutazama nyaya, mikanda na kiwango cha oili, na kuinama kuona kama kuna kilichovuja chini. Nakanyaga breki mara kadhaa nihisi ugumu wake. Safari ya kwanza huwa ya polepole, hadi njia ya uwanja wa ndege na kurudi, breki zikikwaruza kidogo mpaka kutu ya juu itoke. Mwaka jana mjomba alikaa kiti cha mbele safari hiyo, dirisha wazi, na tulipofika nyumbani tayari mkewe alikuwa amekianika kile kitambaa cha marekani juani.