Mfamasia Anajibu: Siku za ulanzi naruka kidonge

SWALI: Kamwene, dada mfamasia. Nina miaka 46, nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga. Majuzi nilipima damu: kolesteroli yote 268, trigliseridi 640. Mtu wa maabara alinionyesha kichupa, maji yaliyokaa juu ya damu yamekuwa meupe kama maziwa. Daktari akaniandikia atovastatini miligramu 20 kila usiku, akasema nipunguze pombe. Wenzangu wanasema dawa hiyo ikikutana na pombe inaua ini. Kwa hiyo Ijumaa hadi Jumapili naruka kidonge, nakunywa bia na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, Jumatatu naendelea na dawa. Siku hizi ulanzi nachagua mtogwa, ule mbichi mtamu, kwa kuwa hauleweshi. Niko sawa?

JIBU: Kamwene, kaka. Hapana, hauko sawa, na naomba unisikilize. Kuruka kidonge ili kuipisha pombe hakulindi ini. Kazi ya atovastatini haikatiki kwa siku moja, bia ya Ijumaa inaikuta bado imo mwilini. Halafu ini lenye mafuta kidogo si sababu ya kumnyima mtu statini, kundi la dawa la hiyo atovastatini yako. Tunaogopa ini lililokwisha kuchoka: macho ya njano, tumbo kujaa maji.

Kinachonitisha mimi ni hiyo 640. Ilitakiwa iwe chini ya 150. Weupe ule kwenye kichupa ndiyo trigliseridi zenyewe, mafuta ambayo ini hutengeneza, na pombe hulifanya liyatengeneze kwa wingi. Statini huzuia ini kutengeneza kolesteroli, na hapo ni hodari kweli. Trigliseridi inazishusha kiasi tu. Maana yake chanzo cha 640 yako unakinywa kila wikendi, na kidonge hakiwezi kukifuta. Tena zikipita 400, hata ile hesabu ya kawaida ya kolesteroli mbaya haiaminiki.

Zikipita 500 tunaanza kuhofia kongosho kuvimba, na zikikaribia 1,000 hofu inakuwa kubwa zaidi. Ukipata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, na unatapika, nenda hospitali usiku huohuo. Usinunue dawa ya vidonda vya tumbo ukalala nayo.

Mtogwa sasa. Utamu wake ni sukari, na sukari nayo ini huigeuza trigliseridi. Tena unaendelea kuchacha ndani ya mbeta, kile chombo cha mwanzi, wa asubuhi si wa jioni. Kwa damu uliyo nayo leo, mtogwa na mkangafu, yaani ulanzi uliokwisha kuchacha, vyote uache, pamoja na bia. Kitimoto cha kukaanga pia kipumzishe. Najua msimu wa ulanzi kukaa na wenzako bila kikombe ni kazi, ila nakuomba. Isipokuwa kama unakunywa na siku za katikati ya wiki, na ukiamka mikono inatetemeka, usikate ghafla peke yako. Mwone daktari kwanza, maana kukata namna hiyo kunaweza kuleta degedege.

Kidonge meza kila siku. Rudi kwa daktari umtajie kiasi unachokunywa bila kupunguza hata chupa, na umwombe apime ini na sukari. Baada ya wiki kadhaa bila pombe, rudia kipimo cha mafuta asubuhi kabla hujala. Trigliseridi zilizopandishwa na pombe mara nyingi hushuka sana kwa muda huo, na ndipo daktari ataona kama statini inatosha au unahitaji dawa nyingine. Mtajie pia kila dawa unayotumia, ARV zikiwemo, maana baadhi hupandisha kiwango cha statini kwenye damu.

Wewe unabeba mbao, kwa hiyo misuli ikiuma utasema ni kazi. Mapaja au mabega ya pande zote mbili yakiuma na kulegea bila sababu, au mkojo ukigeuka kahawia, acha kidonge na uende hospitali siku hiyohiyo.