Borrow na lend si kitu kimoja
Kwenye Kiingereza, borrow ni kuchukua kitu cha mtu kwa muda, lend ni kumtolea mtu chako kwa muda, basi. Ukitaka kumwomba mtu kalamu yake halafu ukasema "can you borrow me your pen", hapo ndo wengi wanapokosea, hapo inatakiwa "can you lend me your pen" au ugeuze useme "can I borrow your pen", maana anayetoa kalamu ni huyo unayemwomba, wewe unapokea tu.

Kinachotuchanganya ni Kiswahili chetu chenyewe, kuazima kwetu kunabeba pande zote mbili, unasema niazime kalamu na unasema pia nimeazima kalamu kwake na kila mtu anaelewa, Kiingereza hakikubali hivyo. Kwenye hela angalau tunatofautisha, kuna kukopa na kukopesha, kwa hiyo mi huwa najipima hivi: ikikaa kukopa ni borrow, ikikaa kukopesha ni lend. Angalia pia kineno kinachofuata, borrow inaenda na from, lend inaenda na to, na wakati uliopita ni lent, hakuna cha lended.

Ila usishangae ukimsikia Mmarekani anasema "loan me your pen", hiyo ni lend ileile, kitenzi cha siku nyingi tu sema Waingereza wengi wanapenda loan ibaki nomino. Hata "borrow me" kuna wazawa wa Kiingereza wanaoisema, ni lahaja za kwao, kwenye mtihani wewe watakukata.