Uvimbe wa mishipa ya damu aliozaliwa nao mtoto

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana wiki 6. Alizaliwa na uvimbe wa zambarau pajani, ukubwa wa limao, pembeni una mduara mweupe. Haujaongezeka. Mtoto wa jirani alitokewa na uvimbe mwekundu usoni, akapewa propranololi ukanywea. Jirani amenipa dawa iliyobaki. Nimpe kiasi gani?
Mama wa Moshono, Arusha

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe hata tone.

Hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu) ya kawaida ya watoto haionekani siku ya kuzaliwa, au huwa kidoa tu, kisha hukua kwa kasi miezi ya mwanzo. Hiyo ndiyo propranololi huitibu, tena kwa kupimwa: dozi hufuata uzito, hutolewa mtoto akishanyonya, na akitapika au akigoma kunyonya hairuhusiwi, maana sukari ya damu hushuka ghafla.

Uvimbe wa mwanao ulikomaa tumboni, kabla hajazaliwa. Rangi hiyo na mduara mweupe vinaelekeza kwenye hemanjioma ya kuzaliwa nayo, ambayo ni adimu na kwa kawaida haisikii dawa hiyo. Aina moja hunywea yenyewe, mara nyingi kati ya miezi 6 na 14, ikaacha ngozi iliyolegea au kibonde. Nyingine hainywei, hukua sambamba na mtoto, na ikisumbua hukatwa. Leo hakuna atakayezitenganisha kwa macho, hata bingwa.

Kwa hiyo piga picha kila baada ya wiki 2, rula ikiwa kando, mwanga uleule. Omba rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kliniki ya ngozi. Uliza ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu ndani ya uvimbe, na kipimo cha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Ukiendelea kukua, au picha ya ultrasaundi isipoeleweka, watachukua kipande kidogo cha uvimbe wakipime, kwa sababu saratani fulani za watoto hujificha kwa sura hiyo. Asiutoboe mtu akidhani ni jipu (hutokea!), wala msiuchanje.

Uvimbe ukivuja damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usipokoma, nenda hospitali. Nenda siku hiyohiyo pia ukiwa mgumu na kuvimba ghafla, vidoa vya damu vikitokea mwilini, au mtoto akihema mbio na kutoka jasho anaponyonya: huenda chembe sahani zimeshuka sana au moyo umelemewa.