Mgeni wa Muziki Mpe Jembe Siku ya Kwanza

Mgeni wetu wa kwanza alishuka Mbeya Jumamosi saa nne asubuhi, akapiga violini saa kumi jioni, na Jumapili kabla hakujapambazuka alikuwa kwenye basi la kurudi Dar es Salaam. Alipiga vizuri mno. Ukumbi ulinyamaza hadi tukawa tunasikia bajaji zikipita nje. Jumatatu tulipokaa kupiga hesabu, tulikuwa na deni la shilingi 310,000 la spika na jenereta, picha tele kwenye simu, na wapiga violini wetu wanne ambao bado walishika upinde vilevile walivyoushika wiki iliyopita. Ndipo nikaanza kujiuliza: huyu tulimwita wa nini?

Mimi ni mratibu wa kikundi cha muziki hapa mjini. Tuna kwaya ya watu 38, matarumbeta 11, violini 4 na kinanda kimoja. Kwenye barua tunajiita orkesta. Mtaani tunaitwa "wale wa matarumbeta", na sijawahi kubishana na mtu, maana huku kwetu tarumbeta ndilo lenye mizizi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao tangu huko Ulaya lina desturi ya kupuliza matarumbeta kwenye ibada, kwenye sikukuu na makaburini. Mtu wa Tukuyu, mji wa huko huko Rungwe, huhitaji kumweleza besi ya tarumbeta ni nini. Aliisikia ikimsindikiza babu yake.

Tumeshaalika wageni watano mpaka sasa, na tumekosea kwa namna tofauti kila mara. Kama kwaya yenu, iwe Iringa, Njombe, Songwe au hapa hapa Mbeya, inafikiria kumleta mwanamuziki kutoka mbali, haya yafuatayo yanaweza kuwapunguzia hasara.

Kubwa kuliko yote ni siku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa muziki, jembe ni siku ya kwanza. Sisi sasa hatumwiti mtu kwa siku chini ya nne: tatu za mazoezi, moja ya tamasha. Akisema ana Jumamosi tu, tunamshukuru na kumwomba atufikirie mwaka mwingine.

Mgeni wa pili, mpiga trompeti, yaani tarumbeta dogo la sauti ya juu, ndiye aliyetufundisha hilo bila kukusudia. Tulimleta Jumatano, tamasha likiwa Jumamosi. Hatukumweka gesti. Mama mmoja wa sauti ya pili alimpokea kwake mtaa wa Forest, akamwekea wali wa Kyela na blanketi tatu. "Kula mwanangu," alimwambia, "mapafu ya Dar huku hayatoshi." Jioni hiyo hiyo akaja mazoezini.

Ilikuwa Julai. Aliyelala Mbeya mwezi wa saba anajua: jua likishazama, nyuzi joto zinashuka chini ya 10 na pumzi inaonekana mdomoni. Kila mwaka majira hayo kinanda na matarumbeta yetu havikuwa vinaelewana, na kila mwaka tulilaumu masikio ya vijana. Mimi mwenyewe niliwahi kumfokea kijana wa tarumbeta la tatu mbele ya wenzake. Mgeni alisikiliza beti moja, akainua mkono.

"Hizi bomba za kurekebishia sauti zilisogezwa lini mara ya mwisho?"

Kimya. Wengine hawakujua kwamba zinasogea.

Akatueleza taratibu. Sauti huenda polepole zaidi kwenye hewa baridi: hewa ikiwa na nyuzi 20 inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, ikiwa na nyuzi 10 ni kama mita 337. Tarumbeta ni bomba lililojaa hewa, kwa hiyo hewa hiyo ikipoa noti inashuka. Nyuzi 10 za baridi zinatosha kuishusha karibu theluthi ya nusu toni (nusu toni ni hatua kati ya vibonye viwili vilivyofuatana vya kinanda), kama chombo hakijapashwa moto. Kinanda cha umeme hakina habari na baridi. "La" yake ni mitetemo 440 kwa sekunde, ukipigie Kyela kwenye joto au Kitulo kwenye baridi. Basi vijana walikuwa wanasikia sawasawa. Vyombo ndivyo vilivyokuwa vinatetemeka.

Dawa ni rahisi: dakika kadhaa za kupulizia pumzi ya moto ndani ya chombo bila kutoa mlio, kisha unaisukuma ile bomba ndani kidogo. Ila bomba zetu 7 kati ya 11 zilikuwa zimeganda. Umeme nao ukakatika. Tukakaa mpaka saa nne usiku na kopo la mafuta ya mgando, vitambaa na tochi za simu, mgeni akizungusha na kuvuta kidogo kidogo kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Ya kijana wa tarumbeta la tatu ilitoka mwisho, imejaa kutu ya kijani. Akaitazama, akanitazama mimi. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wale wale.

Mgeni wa siku moja hawezi kuiona kutu hiyo.

Kuhusu ratiba ya nyimbo, msimwachie mgeni peke yake, wala msimnyime. Huyu alitaka kupiga sehemu ya pili, ile ya taratibu, ya konseto ya trompeti, yaani muziki wa mpigaji mmoja akisindikizwa na orkesta, aliyoandika Haydn mwaka 1796. Tukakubali, kinanda kikamfuata. Ila tuliiweka katikati, baada ya nyimbo mbili ambazo ukumbi mzima unazijua. Watu wa mitaa yetu ya Mwanjelwa na Soweto hawajaja kumwona mgeni. Wamekuja kumwona mtoto wao, na wakishamwona wanakuwa na subira hata ya Haydn. Jumla isizidi saa moja na robo. Wengine wananiambia hiyo ni fupi. Waende wakakae kwenye viti vya plastiki na baridi ile.

Kisha tafuteni kipande kimoja ambacho mgeni atakaa ndani ya kundi. Kwetu ilikuwa "Haleluya" ya mtunzi Handel, iliyosikika kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, ambayo kwaya nyingi huku zinaiimba kwa solfa na maneno ya Kiswahili. Ina trompeti mbili. Kila mtu alidhani mgeni atachukua ya kwanza. Tukampa ya pili, na ya kwanza akapewa yule kijana. Mgeni alikubali bila kinyongo, akasimama ubavuni kwake, na kila palipokuwa na noti ya juu nilimwona akivuta pumzi kwa kishindo makusudi ili kijana avute pamoja naye. Ukitaka kujua kama mgeni anakufaa, mpe sauti ya pili uone uso wake.

Sasa, mgeni rasmi. Hili linaniuma. Kiongozi mmoja tuliyemwalika alichelewa saa moja na dakika arobaini, nasi kwa adabu tukamsubiri. Midomo ikapoa, matarumbeta yakapoa, kazi yote ya Jumatano ikarudi sifuri. Siku hizi barua ya mwaliko inataja saa ya kuanza na saa ya mgeni rasmi kuingia, na tunaacha wimbo mmoja wa kwaya tupu kama mlango: akifika tunauimba anaingia, asipofika tunauimba vilevile. Hotuba ni dakika tano, mwisho kabisa. Hakuna aliyekasirika bado.

Tarehe: epukeni masika. Mvua ya Machi juu ya bati inameza kwaya ya watu mia. Novemba na Desemba watu wako shambani wanapanda, mazoezi yatakuwa na sauti ya kwanza peke yake. Sisi tunashikilia Julai au Agosti, mahindi yakiwa yameshavunwa na mifuko ina kitu, halafu tunapambana na baridi. Kibali kwa afisa utamaduni kiombwe mapema. Posho ya mgeni iandikwe kwenye karatasi kabla hajapanda basi. Bahasha ya kukisia huvunja urafiki.

Wapo wanaosema tusubiri vyombo vitimie kwanza. Orkesta ya kanisa la Kimbanguiste la Kinshasa ilianza mwaka 1994, watu wakipokezana violini chache kwa zamu. Sina la kuongeza hapo.

La mwisho ni usafiri wa vyombo. Trompeti inapakatwa. Violini pia, usikubali ipandishwe juu pamoja na mabegi. Mwaka jana tulimwalika mpiga selo, ile kama violini kubwa inayopigwa umekaa, na selo ukiiweka kwenye buti la basi kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, Mbeya itafika kuni. Tukailipia siti yake ya dirishani. Karani wa tiketi aliandika jina la mgeni, kisha akauliza huyo abiria wa pili anaitwa nani. Tukamwambia Selo. Akataka na namba ya simu.