Ranflati au tairi za kawaida kwa BMW ya kila siku: niliyopitia na E90 yangu

Mkuu, swali lako mimi nililihangaikia karibu mwaka mzima, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu ameagiza BMW 320i ya E90 (E90 ni jina la kizazi kimoja cha BMW 3 Series) kutoka Japani. Imetoka bandarini ikiwa imevaa tairi nne za ranflati, zile zenye ubavu mgumu zinazotembea hata zikiisha upepo. Meno bado yapo, ila ubavuni zimeandikwa 4216, namba inayoonyesha zilitengenezwa lini. Buti haina spea. Anaishi Goba, kazi yake Posta, na mara mbili kwa mwaka anapanda Iringa kusalimia wazee. Duka linamwambia anunue ranflati mpya nne, fundi wake anamwambia avae za kawaida yaishe. Anauliza amsikilize nani, na kama hizo nne za zamani anaweza kuziuza.

Kwa maisha uliyoyaeleza, vaa za kawaida. Lakini usizivae kabla hujapata spea inayoingia kwenye gari lako, na hapo ndipo fundi wako amekuacha njiani. BMW hii iliondolewa spea kwa sababu ilivalishwa ranflati. Ukitoa ranflati bila kurudisha spea, umebaki huna hili wala lile.

Sasa nikwambie nilivyofika hapo. Gari langu ni la 2008, nililipata 2017, rimu za inchi 16, tairi 205/55R16, ranflati zote. Desemba 2018 tulikuwa tunarudi Dar kutoka Iringa, mimi, mke wangu na watoto wawili nyuma, buti imejaa viazi na mchele. Kitonga tumeshuka salama, Mikumi mjini tumepita, jua linaelekea kuzama. Katikati ya hifadhi ya Mikumi taa ya tairi ikawaka kwenye dashibodi na mlio mmoja. Usukani haukutetemeka, gari halikuvuta upande wowote. Bila ile taa nisingejua kitu. Na upande wa kushoto, mita chache tu kutoka kwenye lami, tembo wawili walikuwa wanakula majani.

Pale nani ashuke afungue boliti? Nikawasha hazadi, nikashusha mwendo hadi 50, tukatoka hifadhini mpaka Doma bila mtu kukanyaga chini. Siku ile niliipenda ranflati kuliko kitu chochote kwenye gari lile, na mpaka leo sitamvumilia mtu anayesema ni biashara tu ya wazungu.

Tatizo lilianzia Doma. Kijana wa pancha alikuwa anaijua kazi yake, lakini alikuwa na nyundo na vyuma viwili vya kutolea tairi. Alipiga, akasimama juu ya tairi, akaruka, ukingo haukuachia rimu. Ranflati inataka mashine yenye mkono wa ziada wa kukandamiza ubavu, na ukilazimisha kwa vyuma unachana ukingo. Tukakubaliana aikague kwa nje. Msumari ulikuwa umeingia katikati ya meno, akauchomoa, akaziba kwa kamba ya mpira, akajaza upepo, tukajikokota usiku ule hadi Morogoro.

Asubuhi nikapata duka lenye mashine. Mzee mwenye duka alipoitoa ile tairi akaniita nisogee. Alikung'uta ndani yake, ukadondoka unga mweusi wa kujaa kiganja. Ni mpira wa ubavu wenyewe, umesagika kwa joto tulipokuwa tunatembea bila upepo. Kwa nje tairi ilikuwa nzuri kabisa, inang'aa. Akaniambia, "Mwanangu, hii usirudi nayo Dar." Ranflati nyingi zimetengenezwa zikuvushe kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80, na hapo gari likiwa halijabeba sana. Mimi nilikuwa na familia na magunia. Ikishatembea bila upepo, hakuna anayeweza kukuhakikishia uzima wa ubavu kwa kuuangalia tu, ndiyo maana watengenezaji wengi wanakataa izibwe.

Nikazunguka Morogoro kutafuta ranflati ya saizi ile, sikupata hata moja. Za kawaida za 205/55R16 zilikuwa duka la kwanza nililoingia, tena aina tatu za kuchagua, kwa sababu Golf na Corolla nyingi zinavaa saizi hiyo hiyo. Nikanunua mbili, nikafunga zote nyuma, maana ekseli moja haichanganyi tairi mbili tofauti.

Nilichojifunza ni kwamba ranflati inakuvusha saa ya kwanza. Siku ya pili uko peke yako. Kwa mtu wa Ujerumani au Japani siku ya pili si kitu, anaingia duka la jirani anabadilishiwa. Kwako wewe, siku ya pili inaweza kuwa Ilula au Ruaha Mbuyuni, na hapo swali la maana ni tairi gani inapatikana na nani anaweza kuifunga.

Jambo la pili ni barabara ya kwako. Goba ya lami haina shida, najua, lakini mkiacha lami kuingia mitaani mawe yamesimama. Tairi ya kawaida ikiangukia shimoni, ubavu wake unajikunja na kumeza sehemu ya kishindo. Ubavu wa ranflati haujikunji sana, kishindo kinapanda kwenye rimu, shokapu na bushi. Mimi naishi Kibamba ndani, na mwaka wa kwanza tairi ya mbele kulia ilikuwa inapungua upepo kila asubuhi. Tulitafuta msumari hatukuuona. Mwishowe fundi akapaka povu la sabuni upande wa ndani wa rimu, tukachuchumaa tunaangalia: vipovu vidogo kama vya soda vikaanza kutoka kwenye mstari mwembamba kama unywele. Rimu ilikuwa imepasuka. Mtu akajitolea kuichomelea, nikakataa, nikatafuta rimu nyingine. Sisemi tairi za kawaida hazipasui rimu, zinapasua ukienda kasi. Ila tangu nibadilishe zote nne sijapasua nyingine, na gari limetulia kwenye matuta na rasta kiasi kwamba watoto wanalala. Usukani unalegea kidogo kwenye kona, utausikia wiki ya kwanza, halafu utauzoea.

Zile wiki nilizotembea na ranflati mbele na za kawaida nyuma sikuzipenda. Mvua ilininyeshea maeneo ya Kibaha, na kwenye kona nyuma ya gari ilikuwa inafuata kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja na ndala moja. Usianze na mbili ukisema mbili utamalizia mwisho wa mwezi. Jikusanye, badilisha nne.

Nani abaki na ranflati? Shemeji yangu anakaa Masaki, lami mlango hadi mlango, mkoani anapanda ndege, na mgongo wake haumruhusu kuinua tairi. Huyo nilimwambia anunue ranflati mpya na asiangalie nyuma. Bei ataiumia, maana mara ya mwisho nilipouliza, moja ilikaribia bei ya mbili za kawaida. Lakini kwake ile saa ya kwanza ndiyo kila kitu, na fundi mwenye mashine yuko dakika kumi.

Hata nyumbani kwangu jambo hili lilirudi mezani. Mke wangu ni muuguzi, na alipoanza kutoka zamu saa za usiku na lile gari, nilitaka kurudisha ranflati kwa ajili yake. Akaniambia, "Baba Neema, nifundishe kubadilisha tairi." Tukafanya mazoezi uani Jumamosi mbili. Na hapa ujue kitu ambacho Toyota haikukufundisha: BMW haina nati za kukaza kwenye vijiti vilivyotokeza, ina boliti zinazoingia ndani. Kwa hiyo lazima uibebe tairi hewani kwa mkono mmoja, uoanishe tundu, na uingize boliti kwa mkono wa pili. Kwenye tope usiku hilo ni jambo zito. Nunua au mchongeshe fundi kijiti kimoja chenye uzi wa M12 kama boliti zako. Unakifunga kwanza kwenye tundu la juu, unaitundika tairi pale, inajikalia yenyewe, unafunga boliti nne zilizobaki, unakitoa, unamalizia ya tano. Mke wangu sasa ananizidi haraka.

Turudi kwenye spea, maana ndiyo roho ya uamuzi wote. Kwenye buti langu hakukuwa na shimo la kuilaza, inakaa juu ya sakafu, inakula nafasi, sina cha kukuficha hapo. Ifunge kwa mkanda isiruke ukifunga breki. Rimu iwe ya 5x120, yaani boliti tano kwenye duara la milimita 120, na tundu la katikati la milimita 72.6. Kabla hujalipa, ivalishe mbele na nyuma, uizungushe kwa mkono uone haigusi breki. Ukipata ile nyembamba ya dharura ni sawa kwa mjini, mwisho wake 80. Lakini gari lako linasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo nyembamba yenye kimo tofauti usiitembeze nyuma safari ndefu, inaitesa difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma. Pancha ikitokea nyuma na bado uko mbali, hamishia nzima ya mbele nyuma, nyembamba ikae mbele. Kwa safari zako za Iringa mimi ningebeba rimu kamili yenye 205/55R16, na viazi vipungue gunia moja. Pamoja nayo weka jeki, spana ya 17 na pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye gari.

Zile chupa za dawa ya kuziba usizitegemee peke yake. Zinaziba tundu la msumari kwenye meno. Ubavu ukichanwa na jiwe, hazifanyi kitu.

Ukishafunga, jaza upepo kwa kibandiko cha kwenye mlango, kisha ingia kwenye menyu ya gari uanzishe upya ule mfumo wa kuonya. Kwenye E90 za Japani kama yangu mfumo huo haupimi upepo moja kwa moja, unalinganisha mzunguko wa tairi kupitia sensa za ABS: iliyopungua upepo inakuwa fupi, inazunguka haraka kuliko wenzake. Usipouanzisha upya utakupigia kelele bure. Na zikipungua zote nne polepole kwa pamoja hauoni, kwa hiyo geji ya mkono iwepo. Kaza boliti kwa Nm 120 (kipimo cha nguvu ya kukaza), tembea kilomita 50, kaza tena.

Umeuliza mwishoni kama hizo nne za zamani unaweza kuziuza kwa kuwa meno yapo. 4216 maana yake ni wiki ya 42 ya mwaka 2016. Mpira huo umezeeka hata kama haujalika, na hujui mwenye gari wa kwanza aliwahi kuzitembeza bila upepo. Usimuuzie mtu, mkuu. Zangu nilizikata nusu nikazifukia uani, mke wangu amepanda mchicha katikati.