Prodyuza akikupa mp3 tu, bado hujapewa ngoma yako

Madogo wengi wanaochana hii hip hop yetu isiyopigwa redioni mchana wananitumia ngoma WhatsApp, na nyingine ni kali kweli, ila nikiuliza swali moja tu wanakwama. Session ya hii ngoma, yani lile faili la studio lenye kila sauti peke yake, iko wapi? Jibu ni lile lile kila siku, ipo studio kwa broo, nikiihitaji atanipa. Na mimi nilikuwa najibu hivyo hivyo, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwaiyo mniwie radhi nikiwa mkali kidogo.

2011 nilikuwa na ngoma 11. Nilizirekodi karibu miaka miwili, natoka kibaruani Kariakoo jioni, napanda daladala mpaka Mbagala, studio yenyewe chumba kimoja ukutani wamebandika magodoro, narekodi vesi moja narudi nyumbani saa sita usiku. Prodyuza alikuwa mtu mwema kabisa, hakunidhulumu. Mambo yakamkalia vibaya akahama mji, kompyuta akaiuza, aliyeinunua akapiga windows mpya. Basi. Nilibaki na mp3 sita nilizorushiwa kwa bluetooth, mbili zimekatikia katikati. Miaka kadhaa baadae jamaa mmoja anatengeneza dokumentari ya wavuvi akaja anataka biti ya ngoma yangu moja bila sauti, alikuwa na laki tatu mkononi, na mimi sina cha kumpa. Nilimwambia asubiri wiki moja nikawa nazunguka kumtafuta aliyenunua ile kompyuta, kama vile nikimpata faili zitakuwa zimefufuka.

Kipindi kile ndo nilianza kumsoma vizuri MF DOOM, yule rapa wa maski. Kumsikiliza nilikuwa namsikiliza zamani, ila sikuwahi kukaa nikafuatilia maisha yake.

Jina lake Daniel Dumile, kazaliwa London 1971, baba Mzimbabwe mama wa Trinidad, akakulia Long Beach, New York. Alianza kama Zev Love X kwenye kundi la KMD, yeye na mdogo wake DJ Subroc, album ya kwanza ikatoka 1991 chini ya Elektra, lebo kubwa. 1993 mdogo wake akagongwa na gari akafa, album ya pili haijaisha. Akaimaliza peke yake. 1994 lebo ikaogopa picha ya kava, yule kikaragosi wa kibaguzi wa mtu mweusi ambaye Wazungu walikuwa wanamchora zamani, safari hii kachorwa ananyongwa, wakaizuia album wakawatema kabisa. Yani ndani ya mwaka mmoja kapoteza ndugu, kapoteza mkataba, kapoteza kazi aliyoifanya na huyo ndugu.

Ila hapa ndo nataka mnisikilize. Alipoachwa aliondoka na dola 20,000 pamoja na masta za album, zile tepu za rekodi halisi. Hela ziliisha, tena yeye mwenyewe alisimulia kwamba kuna usiku alilala kwenye benchi za Manhattan. Tepu hazikuisha. Ile album ikaja kutoka rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sauti ya mdogo wake ikasikika. Kama zile tepu zingebaki kabatini kwa lebo, au kwa broo Mbagala, leo tungekuwa tunahadithiwa tu kwamba kulikuwa na kijana anaitwa Subroc alikuwa anajua.

Kwaiyo ukimaliza kurekodi, kabla hujamlipa prodyuza ile nusu iliyobaki, omba vitu vitatu: ngoma iliyokamilika kwa WAV, faili lisilobanwa, sio mp3, biti tupu bila sauti, na kila sauti peke yake, dramu peke yake, besi peke yake, vokali zako peke yake. Nenda na flashi yako. Weka nakala kwenye flashi nyingine nyumbani kwa mama na nyingine kwenye Google Drive, na mkubaliane kwenye karatasi nani ana asilimia ngapi, hata kama ni mshkaji wako wa toka shule ya msingi. Wengi wanaona aibu kuomba, wanahisi ni kama kumwambia mtu simwamini. Prodyuza anayejua kazi haoni ubaya, na anayekasirika sana bora ujue mapema.

DOOM mwenyewe alikuwa anatengeneza biti zake, alafu hizo hizo biti bila maneno akazitoa kwenye mfululizo wa Special Herbs, volyumu 10, karibu kila biti kaipa jina la kiungo au mmea. Biti moja imelipwa mara mbili. Hilo nililifanya 2019, biti zangu tano nikazitoa tupu, na kuna mtu wa matangazo akanunua moja. Hela haikuwa nyingi ila ililipa kodi ya miezi miwili, na sikuandika mstari hata mmoja mpya.

Miaka ile ya kimya nayo watu wanaisimulia vibaya, utasikia alikaa pembeni anapanga kulipiza kisasi kwa game ya muziki, mimi naona tu ni mtu aliyekuwa anaumia. Alikuja kuonekana mwishoni mwa miaka ya 90 kwenye open mic, yani jukwaa la yeyote, za Nuyorican Poets Café pale New York, kajifunika uso na soksi ya kike, baadae ikawa ile maski ya chuma, na 1999 akatoa album kupitia lebo ndogo ya DJ Bobbito Garcia. Mimi alipofariki mama nilikaa miaka mitatu sirekodi, naendesha bajaji, naandika mistari nyuma ya kitabu cha risiti nikiwa foleni. Ukipitia kipindi kama hicho usijilazimishe studio na usitangaze kwamba umeacha muziki, andika tu kidogo kidogo. Nilivyorudi sauti yangu ilikuwa imeshuka, imetulia, na watu wakaipenda kuliko ile ya zamani ya kupiga kelele.

Hata Madvillainy, ile album yake ya 2004 na prodyuza Madlib, demo iliibiwa Madlib akiwa Brazil ikavuja mtandaoni zaidi ya mwaka kabla haijatoka. Waliiweka pembeni, kila mtu akafanya mambo yake, alafu wakarudi, DOOM akarekodi upya vokali kwa sauti nzito ya taratibu. Ile sauti tunayoipenda leo imekuja kwa sababu ngoma zilivuja. Kwaiyo ukivujishiwa lia siku mbili alafu rudi studio.

Kuna jambo lake moja silikubali. Alikuwa anatuma watu wengine wavae maski wapande jukwaani badala yake. Mashabiki zake wengi wanaliona ni sanaa, ila mtu kakusanya hela yake kaja kukuona wewe, mpe wewe.

Alafu makaratasi. DOOM alikulia Marekani toka mtoto lakini uraia hakuwa nao, 2010 alitoka kwenda kupiga shoo Ulaya, kurudi akazuiwa kuingia. Mke na watoto wapo kule yeye kakwama London, na madaftari yake ya mistari yakabaki Los Angeles. Alifariki Leeds tarehe 31 Oktoba 2020, dunia ikajua tarehe 31 Desemba, na mjane wake akaja kufungua kesi 2023 kudai madaftari 31 yaliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine. Yalirudi kwa familia, ila fikiria mistari ya maisha yako yote inagombewa na mawakili. Mimi nilikosa shoo Kigali kwa sababu pasipoti iliisha muda na nilikuwa najua imeisha. Kaangalie yako leo. Na umwambie mtu mmoja nyumbani madaftari yako yanakaa wapi na nywila ya email yako ni ipi.

Zile ngoma 11 nimeshazirudia nne. Ya tano vesi ya pili siikumbuki na ukurasa wa daftari uliloa na mvua, hiyo nimeiacha. Ile ya dokumentari ya wavuvi nimeimaliza mwezi uliopita, prodyuza mwingine, studio nyingine, Temeke, na saa nane usiku tulivyotoka flashi ilikuwa mfukoni.